Kwa nini ICU wanauliza kama mzee alikuwa anaenda chooni mwenyewe?

#1 Kitongoji Hombolo
Mbukwenyi wakuu. Niende kwenye mada.

Tumempeleka baba mkubwa hospitali moja hapa Dodoma mjini. Miaka 78, nimonia, oksijeni iko chini, anaweweseka. Daktari wa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) akaitwa pale kwenye dharura. Kijana tu. Akamwangalia mzee, akaangalia mashine, kisha akatugeukia sisi. Nikadhani atauliza alianza kukohoa lini. Wapi! "Kabla ya kuugua alikuwa anaoga mwenyewe? Chooni anaenda mwenyewe? Anatoka nje ya kaya? Dawa zake nani anampa?" Maswali kama ya balozi wa nyumba kumi. Binamu yangu akawaka, akasema mnatupima kama tunastahili kitanda?

Mwishowe mzee akapelekwa wodini na oksijeni, ICU hakuingia. Yupo, anaendelea na dawa.

Naomba kujua, hayo maswali yanahusianaje na kupona? Nimonia si nimonia tu? Au ndiyo namna ya kuchuja watu kistaarabu? Wenye uelewa waje.

#2 Zabibu Chachu
Nakaa hapa na karanga zangu nasubiri wataalamu.

#3 Jiwe la Mlimwa
Mkuu, hiyo ni kuchuja, usizungushwe. Kitanda cha ICU kina mashine yake, nesi wake, dawa zake, na vitanda vyenyewe ni vya kuhesabu. Kuna utafiti wa nje nilisoma, wazee dhaifu wakiingia ICU asilimia 90 wanakufa. Sasa daktari ampe nani kitanda? Shida yangu moja tu, kwa nini hawasemi wazi.

#4 Nesi wa Usiku
Mleta mada pole kwa kuuguza. Nipo kwenye hiyo kazi, wapi hapana.

Kwanza daktari haulizi mzee yukoje leo. Leo hata bondia akipata maambukizi makali ataletwa amebebwa na shuka. Anataka kujua wiki mbili hivi kabla ugonjwa haujaanza alikuwa mtu wa namna gani. Kuna kipimo chake cha udhaifu, alikitunga Rockwood na wenzake kule Halifax, Kanada. Kilitoka 2005 kikiwa na ngazi 7, baadaye zikafika 9. Ngazi ya 1 ni mkakamavu kabisa. Ya 4 anajitegemea ila kila siku kachoka, anajikokota. Ya 5 ameanza kusaidiwa mambo makubwa: hela, usafiri, dawa. Ya 6 anasaidiwa shughuli zote za nje, kazi za nyumbani na mara nyingi hata kuoga. Ya 7 anafanyiwa kila kitu. Ya 9 ni yule ambaye hatarajiwi kuvuka miezi 6. Kuanzia 5 ndipo anahesabiwa dhaifu.

Pili, ICU inakula nyama ya mwili. London walipima msuli wa paja kwa ultrasaundi, matokeo yakatoka 2013: kufika siku ya 10 msuli umepungua karibu asilimia 18, na walioharibikiwa viungo vingi ndio waliopungua zaidi. Ukiingia na mapaja ya kupandia mlima, utabakiwa na kitu. Ukiingia ukiwa tayari unainuliwa kitandani, kinachobaki hakitoshi hata kukohoa. Na asiyeweza kukohoa kwa nguvu, kumtoa kwenye mashine ya kupumulia ni shughuli. Makohozi yanabaki mle mle, nimonia inarudi, mashine inarudi.

#5 Bwana Takwimu
Jiwe la Mlimwa, hiyo 90 umeitoa wapi? Utafiti unaotajwa sana ni wa Alberta, Kanada, 2014. Hospitali 6, wagonjwa 421 wa kuanzia miaka 50. Karibu theluthi walikuwa dhaifu kabla ya kuugua. Waliofia hospitalini ni 32 kwa 100 kwa dhaifu, na 16 kwa 100 kwa wasio dhaifu. Maana yake hata kwenye kundi la dhaifu, 68 walitoka hai.

Halafu Ulaya 2017 wakakusanya wazee 5,021 wa miaka 80 na zaidi kutoka nchi 21. Ndani ya siku 30 karibu theluthi walifariki. Udhaifu wa awali ulibaki kuwa hatari hata baada ya kuhesabu umri na ukali wa ugonjwa. Usichukue namba za kijiweni.

#6 Jiwe la Mlimwa
Kwa hiyo ni mara mbili. Hoja yangu imesimama, namba ndiyo imepungua uzito kidogo.

#7 Zabibu Chachu
Kutoka 90 hadi 32? Hiyo namba haijapungua uzito, hiyo imelazwa.

#8 Mama Uwele
Mimi nimwambie mleta mada kwamba umri ndio unatudanganya. Bibi yangu yupo Chamwino, kavuka 80, analima mtama na uwele mpaka leo, kuni anafuata mwenyewe. Utumbo ulitoboka, akapasuliwa usiku, akakaa ICU, wote tukawa tunajiandaa kwa msiba. Akatoka. Neno la kwanza la maana alilosema ni nani anafukuza ndege shambani.

Mdogo wake wa mwisho, ambaye ni mdogo kwake kwa miaka mingi tu, alikuwa na sukari na stroku ya zamani, anashinda mkekani. Homa ya kawaida, mkojo una maambukizi. Hakurudi nyumbani. Kwa hiyo mimi yale maswali nayaelewa, ingawa ukiulizwa unaona kama unatukanwa.

#9 Kondakta Mstaafu
Mama Uwele sawa, ila usitufanye tuamini kulima ni kinga. Kijana wa jirani yangu, dereva boda, anabeba gunia la mahindi begani kama mto. Kapata ajali barabara ya kwenda Kondoa, kichwa. ICU. Hakumaliza wiki. Hapo ngazi ya 1 ya Nesi imemsaidia nini?

#10 Msomi wa Ng'ong'ona
Kondakta, kichwa kikipasuka swali la kwanza ni ubongo umeumia kiasi gani, nguvu za mapaja zinakuja baadaye sana. Hali ya awali inasema zaidi pale ambapo mwili unapigana vita ya siku nyingi: nimonia, maambukizi kwenye damu, baada ya upasuaji mkubwa. Na kwa wazee zaidi kuliko vijana.

Mimi naona tusiishie kwenye msuli. Mtu ambaye hawezi kuoga mwenyewe, kuna sababu. Moyo umechoka, figo zimechoka, ubongo umeanza kusahau, au hajala vizuri kwa muda mrefu. Mengine hayajawahi kuandikwa kwenye faili lolote kwa sababu hajawahi kupimwa. Ukiuliza "anaoga mwenyewe?" umeuliza magonjwa kumi kwa mpigo bila kuchukua damu.

Wazo lenyewe la zamani. Kile kipimo cha ICU cha ukali wa ugonjwa kinachoitwa APACHE, toleo la kwanza la 1981 lilikuwa na herufi A hadi D ya afya ya mtu kabla ya kulazwa. Toleo la pili la 1985 wakaiacha herufi, wakaweka alama za magonjwa sugu ya viungo. Shughuli za kila siku zikapotea humo, zikaja kurudi baadaye kwa mlango wa udhaifu.

#11 Mhamiaji wa Mafaili
Wote mnaongelea mwili. Mimi ni mtu wa ofisi, niwaambie habari za karatasi. Ukishaandika kwenye faili "mgonjwa dhaifu", daktari wa zamu inayofuata anasoma. Mashine hawamuwekei. Kusafisha figo hawapendekezi. Ndugu wanaitwa pembeni, wanaambiwa muwe tayari kwa lolote. Akifariki, takwimu inaongezeka moja: dhaifu wanakufa. Sasa kilichomuua ni udhaifu au ni faili?

#12 Bwana Takwimu
Mhamiaji hoja nzuri, na hata watafiti wenyewe wanaihofia. Ila angalia Alberta hao hao baada ya mwaka mmoja: dhaifu waliofariki 48 kwa 100, wengine 25. Toa waliofia hospitalini, wanabaki 16 kwa dhaifu na 9 kwa wengine, waliofariki wakiwa wameshatoka. Faili la ICU halimfuati mtu nyumbani mwaka mzima.

#13 Nyoosha Goti
Nafanya fiziotherapia. Nataka nishike hapo kwenye maswali yenyewe, maana hakuna aliyegusa.

Vipimo hivi vimetungwa kwa watu wenye bafu na choo cha kukaa. Cha Katz cha 1963 kina mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kitandani kwenda kitini, kujizuia haja, kula. Vizuri. Lakini nikienda kaya za Bahi au huko Mvumi sianzi na bafu. Nauliza choo cha shimo: anachuchumaa na kuinuka bila kushika ukuta? Basi. Mle ndani kuna goti, nyonga, paja, mizani ya mwili, pumzi, na akili ya kujua muda wa kwenda umefika. Mzee anayeinuka pale peke yake, kopo la maji mkononi, gizani, huyo usimdharau hata kama ana mvi hadi kwenye nyusi.

Na ukitaka ukweli usiulize tu, tazama. Ukikuta wamechimbia kigingi cha kushikia, au wametoboa kiti cha plastiki wakakiweka juu ya shimo, miguu iliaga zamani. Kuna familia wana waliapa baba anatembea vizuri kabisa. Mama yao amekaa kimya, anapepeta. Baadaye akasema, "Anatembea, ila chooni tunaingia wawili."

#14 Mama Uwele
Nyoosha Goti hapo umenena. Na niongeze jambo la wanaume wetu. Daktari akiuliza nani anampikia, nani anamfulia, jibu ni mke au mkwe. Baba yangu hajawahi kusonga ugali tangu azaliwe na yuko mzima anachunga. Huyo si dhaifu, huyo kalelewa hivyo.

Upande wa pili kuna bibi mjane anaishi peke yake, anateka maji, anapika, anafanya vyote. Wanaandika anajitegemea. Anajitegemea kwa sababu hana mtu! Usiku analia magoti. Kwa hiyo mzee anaonekana mgonjwa kuliko alivyo, na bibi anaonekana mzima kuliko alivyo.

#15 Kondakta Mstaafu
Mama Uwele leo umetuvua nguo wanaume. Mimi chai najipikia, iandikwe.

#16 Nesi wa Usiku
Kondakta tumeandika.

Mama Uwele, kanuni ni kuuliza *anaweza*, si *anafanya*. Saa tisa usiku, ndugu wanne wanajibu kwa pamoja, hilo "anaweza" linamezwa. Mimi nimezoea kuuliza: akibaki peke yake nyumbani tangu asubuhi mpaka jioni, ikifika jioni mtamkuta ana hali gani? Wakitazamana, nimepata jibu.

#17 Gurudumu la Mbele
Habari zenu. Natembelea kiti cha magurudumu tangu utoto, polio. Kuhamia kitandani nasaidiwa, kuoga nasaidiwa. Choo cha shimo cha Nyoosha Goti ndiyo kabisa. Kwa ngazi za Nesi mimi ni 6, labda 7. Nina kibanda cha kutengeneza simu, nasomesha watatu, mapafu yangu yanapuliza mapuvu ya sabuni mtaa mzima. Nikiletwa na malaria kali nimezimia, huyo kijana wa ICU ataandika dhaifu, halafu karatasi ya Mhamiaji ianze safari yake?

#18 Msomi wa Ng'ong'ona
Gurudumu, swali lako liliwahi kuitikisa Uingereza. Machi 2020, korona imeanza, taasisi yao ya miongozo inayoitwa NICE ikatoa mwongozo wa kutumia zile ngazi 9 kuamua nani apelekwe ICU. Watu wenye ulemavu na familia zao wakapinga. Ndani ya siku chache, tarehe 25 Machi, ikarekebishwa: kipimo kisitumike kwa walio chini ya miaka 65, wala kwa mwenye ulemavu wa muda mrefu usiobadilika, wala wenye usonji au ulemavu wa akili. Hao kila mmoja atazamwe kivyake.

Anayezidi kudhoofika mwaka hadi mwaka na aliyekaa ngazi moja miaka arobaini ni watu wawili tofauti hata kama leo wote wanaogeshwa.

#19 Gurudumu la Mbele
Asante. Nitaichapa hiyo niiweke nyuma ya kiti.

#20 Binti wa Mwisho
Huwa nasoma tu siandiki, ila leo nimeguswa.

Baba yetu alipolazwa, daktari aliuliza maswali hayo hayo kwa simu, kaka mkubwa akiwa Dar. Kaka akajibu kwa kujiamini: "Mzee yuko poa kabisa, tunaongea kila Jumapili, anacheka, ananiuliza bei ya saruji." Yote kweli. Anaongea vizuri sana. Ila mimi ndiye niliyekuwa namgeuza usiku. Tangu mavuno alikuwa hatoki kitandani, anakula nikimlisha, kidonda kimeanza chini ya mgongo, nakisafisha kwa maji ya chumvi. Mimi sikuulizwa. Nilikuwa nimesimama pale na beseni.

Wakamuwekea mashine kwa kufuata maelezo ya kaka. Walipokuja kujua mwili ulikuwaje, tukaanza mazungumzo upya, na kaka akaniona mimi ndiye niliyemsaliti baba. Mpaka leo hatujakaa sawa. Sisemi mashine ilikuwa kosa, siwezi kusema. Nasema wamuulize aliyeshika beseni.

#21 Kitongoji Hombolo
Binti pole sana. Nimesoma nikakumbuka, pale kwetu aliyejibu yote ni binamu, naye anaishi Morogoro.

#22 Mhamiaji wa Mafaili
Pole dada. Ila jamani watoto wa Dar tusibebeshwe yote. Hela ya dawa inatoka wapi?

#23 Zabibu Chachu
Mhamiaji, wewe si ulihamia huku na makao makuu? Au mafaili yalihamia, mwenyewe unarudi kila Ijumaa na SGR?

#24 Mhamiaji wa Mafaili
Zabibu, ukichacha zaidi ya hapo tutakupeleka kiwandani. Turudi kwenye mada.

Bwana Takwimu #12, nyumbani nako faili linaenda. Mzee akirudi na jina la "dhaifu", nani anamuinua? Nani anampa nyama? Anaachwa alale. Kwa hiyo zile 48 zako bado zina mkono wa watu.

#25 Kondakta Mstaafu
Mimi nina maelezo mengine, wasomi mnisamehe. Mtu mzima akikohoa kazi inasimama, kila mtu anaona, anapelekwa. Mzee wa mkekani akikohoa wanasema ni uzee. Akiacha kula wanasema ni uzee. Akianza kuchanganya majina ndipo gari inatafutwa, na kutoka kijijini mpaka lami, mpaka mjini, jua limezama. Anafika ICU amechelewa siku kadhaa. Nyinyi mnasema kafa kwa sababu hakuwa na akiba ya mwili. Mimi nasema kafika ameshaisha.

#26 Nesi wa Usiku
Kondakta, hilo naliona kila mwezi. Siwezi kukubishia.

#27 Bwana Takwimu
Na kuna upande wa pili wa hilo. Wale dhaifu wanaofika ICU wameshachujwa. Daktari aliwaona wana nafuu kidogo ndiyo maana wakaingia. Walio hoi zaidi walibaki wodini, hawamo kwenye hesabu ya ICU. Ukisikia mara mbili, huenda tofauti halisi ni kubwa zaidi, ila huwezi kuiona kwa kuhesabu waliolala ICU peke yake.

Tukumbuke pia ICU zetu zenyewe. Takwimu za hospitali nne za rufaa Tanzania za 2009 hadi 2011 zilionyesha vifo zaidi ya 40 kwa 100, na waliolazwa wengi hawakuwa wazee. Kanada na Dodoma tusizipime kwa mzani mmoja.

#28 Jiwe la Mlimwa
Mmezunguka kote mmerudi kwangu: vitanda vichache. Msuli, magonjwa yaliyojificha, faili, kuchelewa, yote sawa. Tungekuwa na vitanda vya kumwaga, kuna mtu angeuliza habari za choo?

#29 Nyoosha Goti
Angeuliza. Kanada wana vitanda na ndio waliotunga. Unauliza ili ujue unampeleka mtu wapi baada ya kupona. Huko huko walifuatilia wazee wa miaka 80 na zaidi waliokaa ICU: baada ya mwaka ni karibu robo tu waliokuwa hai na wamerudi kwenye uwezo wao wa mwanzo wa mwili. Kuna familia ikisikia hivyo inasema tupambane, nyingine inasema mzee abaki wodini apewe oksijeni, antibayotiki na watu wake karibu. Zote nimeziona zikiwa sahihi.

#30 Jiwe la Mlimwa
Sijashawishika. Ila karibu robo nimeisikia.

#31 Kitongoji Hombolo
Wakuu, mrejesho. Nimemuuliza mama mkubwa, siyo binamu. Anasema mzee kabla ya kuugua alikuwa anaenda hadi kilabuni na kurudi, na kurudi ndiko kulikuwa kwa shida (kwa sababu zinazojulikana). Choo anainuka kwa kushika mlango. Nesi, hiyo ngazi ya ngapi?

Leo ametolewa oksijeni. Uji anakunywa. Tatizo miguu, akisimama inatetemeka anarudi chini.

#32 Nesi wa Usiku
Hongereni. Ngazi sikupi hapa mtandaoni, ila huyo si wa mkekani. Mwambie na daktari wa wodi hayo ya mama mkubwa, yaingie kwenye faili.

#33 Nyoosha Goti
Asilale mchana kutwa. Muulizeni nesi wa wodi kama anaruhusiwa, kisha mkalisheni pembeni ya kitanda miguu ikiwa sakafuni, kila mlo ale akiwa amekaa. Kusimama, watu wawili, mmoja kila upande, mshike kiunoni na si kwapani. Ahesabu mpaka kumi, akae, arudie. Na chakula kiwe cha kujenga mwili: mayai, maharage, dagaa, karanga.

#34 Kitongoji Hombolo
Ana sukari. Karanga ruhusa?

#35 Nesi wa Usiku
Ruhusa, kama anameza bila kupaliwa, zisagwe. Sukari mnayomwagia kwenye huo uji ndiyo muiache.